Barua kutoka Katharinaberg

Katharinaberg, bonde la Schnals
Mwezi wa saba

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Barua yako niliipata Bolzano, mji wa hapa Italia, siku chache kabla sijapanda, nikaja nayo. Nimeisoma hadi mikunjo imeanza kuchanika. Poleni tena kwa msiba wa baba yenu, jirani yetu. Mwambie mama namwombea kila jioni, nami sijasahau ndizi alizokuwa akituwekea chini ya majivu tukitoka shule.

Uliniuliza: huko kwa Wazungu wa milimani, baba akifa, kihamba, yaani shamba la ukoo, wanakigawaje? Ningekujibu siku ileile ningekuandikia nisilolijua. Sasa nina wiki mbili hapa. Kuna utaratibu wa watu wa mjini kujitolea kwenda kusaidia wakulima wa milimani wakati wa kukata majani; wewe unatoa mikono, wao wanakupa kitanda na chakula. Nimepangiwa nyumba moja ya juu sana, nami nimeuliza maswali mpaka wenyeji wakajua habari zako zote.

Kwanza nikueleze mahali penyewe. Ukisikia kijiji usifikirie nyumba zilizopangana kando ya barabara. Kanisa lipo, na nyumba chache pembeni yake, kwenye mita 1,245 hivi. Nyumba nyingine zimetawanyika mlimani, kila moja peke yake katikati ya majani yake. Kwenda kwa jirani unavuka korongo na kipande cha msitu. Nyumba ya namna hiyo pamoja na ardhi yake, zizi, ghala na haki zake za maji, wao huiita Hof. Hapa wanazungumza Kijerumani ingawa ni Italia, maana eneo hili lilikuwa la Austria hadi baada ya vita vya kwanza vya dunia.

Kila Hof ina jina lake la tangu zamani: Dickhof, Linthof, Patleid na Unterstell. Mtu huitwa kwa jina la Hof kabla ya jina la ukoo. Mwanamume akioa na kuhamia kwa mkewe, majirani watamwita kwa jina la nyumba ile aliyoikuta. Jambo hilo nililitafakari sana. Sisi ukoo ndio unakipa kihamba jina. Hapa ardhi ndiyo inampa mtu jina.

Kazi yenyewe ungeifahamu bila kufundishwa. Mteremko ni mkali kiasi kwamba trekta haligusi sehemu za juu. Kuna mashine ndogo ya kusukuma kwa mikono, na pale inaposhindwa tunashika fyekeo na reki. Majani yanakatwa asubuhi, yanageuzwa mchana, na yakishakauka lazima yaingie ghalani kabla ya umande wa jioni, kwa sababu ng'ombe watayala zizini majira yote ya baridi. Siku ya kwanza nilifunga mzigo nikauweka kichwani. Mama mwenye nyumba alisimama akaniangalia, akaita watu waje kuona. Nikamweleza kwamba mama zetu wanatoa majani huko tambarare na kuyapandisha hadi mgombani, kwa kuwa ng'ombe wa Mchaga naye anakula akiwa bandani. Alinishika mkono. Tangu siku hiyo ananiita kwa neno lao la binti.

Kuna jambo jingine ambalo lingekugusa. Wana mifereji! Bonde la Vinschgau hapo chini ni kavu, mvua yake ya mwaka ni kama milimita 500 tu, kwa hiyo tangu enzi za kale watu wamekuwa wakitega maji ya barafu na mito ya juu na kuyaongoza ubavuni mwa mlima. Mfereji wanauita Waal, na mlinzi wake ni Waaler. Maji yana zamu, kama kwenye mfongo, mfereji wetu Wachaga. Kwenye baadhi ya mifereji hiyo wameweka gurudumu dogo la mbao ambalo maji yakilizungusha linanyanyua nyundo, nayo inagonga kengele. Mlinzi yuko mbali na kazi zake, anasikia ko, ko, ko, anajua maji yanapita. Mlio ukikatika, mfereji umeziba au umebomoka mahali, naye anashika jembe na kuondoka. Nilikaa karibu na kengele moja karibu saa nzima. Nilimkumbuka babu yako akiamka usiku wa manane kwenda kusikiliza maji.

Sasa nije kwenye swali lako.

Hapa hawagawi. Hof iliyosajiliwa kuwa ni "iliyofungwa" haikatwi. Inakwenda kwa mtoto mmoja tu, nzima kama ilivyo. Sheria hiyo ina historia ndefu. Chini ya Austria iliandikwa upya mwaka 1900, serikali ya Italia ya enzi ya Mussolini ikaifuta 1929, watu wakaendelea na desturi yao majumbani, na mwaka 1954 jimbo hili la Bolzano likairudisha. Inayotumika sasa ni ya 2001. Hof iliyokaa mikononi mwa familia moja zaidi ya miaka 200 jimbo huipa jina la heshima, Erbhof. Ndiyo maana nyumba hizi zingali peke yake mlimani baada ya vizazi vyote hivyo, hazikuzaa kijiji kuzizunguka. Majani ya ng'ombe kumi yamebaki kuwa majani ya ng'ombe kumi.

Usiharakishe kufurahi, hata mimi nilifurahi mapema. Nilimuuliza mzee wa hapa: na wale wengine? Alinyamaza muda mrefu. Akasema zamani ndugu wasiorithi waliondoka kutafuta maisha, au walibaki nyumbani kwa kaka yao wakiwa wafanyakazi, bila kuoa wala kuolewa, wakilala chumba cha juu karibu na majani. Shangazi wa baba yake aliishi hivyo mpaka kufa. Picha yake iko ukutani kwenye chumba chao cha mbao chenye jiko kubwa la kuota moto: amesimama nyuma kabisa, mikono ameifunga kwenye aproni. Kila tunapokula namtazama. Alikata majani ya mteremko huu maisha yake yote, na hakuna tuta moja alilowahi kuliita lake.

Siku hizi mrithi lazima awalipe ndugu zake. Fidia haipimwi kwa bei ya sokoni, maana kwa bei hiyo angelazimika kuuza ndipo alipe. Inapimwa kwa kile ambacho shamba linaweza kuzalisha. Ni kiasi kidogo, na wengine hulalamika, lakini Hof inabaki. Na hili ulisome mara mbili: zamani, kama hakuna wosia, mtoto wa kiume alitangulizwa mbele ya wa kike, nayo sheria ya 2001 imeondoa hilo. Mrithi wa nyumba hii ni binti yao wa pili. Kaka yake mkubwa anafanya kazi Merano, mdogo yuko Innsbruck. Nilipomuuliza imekuwaje akachaguliwa yeye, hakuelewa swali. Alisema, "Wao hawakutaka kuamka saa kumi na moja." Basi.

Dada, jambo hilo ndilo limenifanya nikuandikie usiku huu wakati mgongo unaniuma. Katika barua yako umeniandikia ekari moja na nusu, watoto sita, kaka zenu wanne wameshapiga hesabu ya vipande, mkubwa apate sehemu ya juu na kitinda mimba nyumba ya baba, nanyi mabinti wawili mwambiwe mna kwenu kwa waume zenu. Nimetafuta katika kurasa zote nne mahali ambapo mtu ameuliza nani ataishi pale. Sijapaona. Kaka yako mkubwa yuko Dar es Salaam miaka ishirini. Wa pili ameshajenga Arusha. Anayemnyweshea mama ng'ombe, anayejua mfereji unaingilia wapi, anayepalilia kahawa ni wewe, ukitoka kufundisha.

Sikuambii mfanye kama hapa. Yule mama wa pichani hanipi ruhusa ya kusema hivyo. Wala sidhani kikao cha ukoo kitakubali mtu mmoja achukue kihamba chote. Lakini kihamba kilichokatwa vipande vinne, kila kipande na nyumba ya tofali ya kulala Krismasi tu, hakitalisha mtu, na wewe unajua hivyo kuliko mimi. Sheria yetu ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi na kuitumia. Hilo lisemwe na mtu wanayemheshimu. Mjomba wako wa Marangu angelisema vizuri bila kugombana.

Watu wa Schnals kila mwezi wa sita huvusha maelfu ya kondoo juu ya barafu kwenda malisho ya Ötztal, upande wa Austria, na kuwarudisha mwezi wa tisa. Haki yao ya malisho kule imeandikwa kwenye hati ya mwaka 1415. Mpaka wa nchi umekuja baadaye ukapita katikati, na kondoo bado wanavuka, kwa sababu mtu aliandika. Ninyi mmeandika nini? Kabla ya Desemba kaa na mama, muandike mfereji ni wa nani na zamu ni siku gani, kahawa zipo ngapi, masale, ile mimea ya mpaka, yanaanzia wapi. Muandike pia nani kati ya sita amelala pale siku ngapi mwaka huu. Mama aweke kidole gumba.

Nitafika tarehe 18 Desemba Mungu akipenda, kikao kikiwa bado. Tafadhali mwambie mama asiruhusu isale jipya lichimbiwe hata moja kabla sijafika. Nimemletea kipande cha mkate wao mweusi wa rai, nafaka jamaa ya ngano, ule mkavu wanaouoka mara chache kwa mwaka. Atauchovya kwenye chai.

Radi inasikika upande wa barafu. Majani ya jana bado yako nje, wananiita.

Ni mimi dada yako,
wa mgomba wa jirani