Kabla hujaunganisha matawi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako niliisoma jana usiku, na usingizi ukakatika pale uliposema umefungua mlango wa 3389, ule wa Remote Desktop, huduma ya Windows ya kuona na kuendesha kompyuta ukiwa mbali, kwenye ruta ya makao makuu ili wenzako wa matawini waingie kwenye seva moja kwa moja. Tafadhali, kaufunge kwanza, kisha urudi tuendelee.

Nami niliwahi kufanya hivyo. Kesho yake nilipofungua kumbukumbu za seva, nilikuta mtu amejaribu kuingia usiku kucha, sekunde kwa sekunde, mara nyingi kwa jina "administrator". Wala hakuwa mtu aliyetulenga sisi. Ni programu zinazopiga hodi kwenye kila anwani ya intaneti bila kuchoka. Na pasiwedi ngumu peke yake haitoshi: mwaka 2019 iligunduliwa kasoro iliyoruhusu mashine kutekwa kupitia huduma hiyohiyo bila pasiwedi yoyote, hata Microsoft ikatoa kiraka, yaani marekebisho ya kuziba kasoro, kwa Windows XP iliyokwisha kuachwa.

Unachohitaji ni VPN, yaani mtandao wa faragha unaopita juu ya intaneti. Ruta ya kila tawi inafungua njia iliyosimbwa hadi makao makuu. Atakayedaka data njiani hatasoma kitu. Mimi natumia programu ya VPN iitwayo WireGuard. Makao makuu ndiyo yanayohitaji anwani isiyobadilika, matawi yenyewe ndiyo yanayoyapigia.

Ila panga anwani kabla ya yote. Ruta nyingi huja zimewekwa anwani za ndani zinazoanza na 192.168.1 au 192.168.0, na za tawi zikifanana na za makao makuu, kompyuta haitoki nje kuitafuta seva. Inaitafuta humohumo ndani. Siku mbili nzima nilihangaika na njia iliyokuwa imeunganika vizuri kabisa, mpaka nilipoandika anwani ya seva kwenye kivinjari cha tawini, ukafunguka ukurasa wa printa. Printa yao ilikuwa na anwani ileile! Wape makao makuu anwani zinazoanza na 10.10.0, tawi la kwanza 10.10.1, la pili 10.10.2, uendelee hivyo.

Kuhusu programu ya hesabu kuwa nzito, usikimbilie kununua kasi zaidi. Programu ikiwa tawini na data ikiwa makao makuu, kufungua ankara moja tu kunaweza kuleta maswali 500 madogo, kila moja likisubiri jibu la lililotangulia. Kwenda na kurudi kukichukua milisekunde 80, hizo ni sekunde 40. Iache programu ikimbie kwenye seva yenyewe, matawi yaone skrini tu. Hapo ndipo 3389 yako inapofaa, ikipita ndani ya VPN.

Nitumie anwani za kila tawi kabla hujagusa ruta hata moja, tuzipitie pamoja.

Wako daima.