Yule wa Kahawia Si Lazima Awe Jike

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Picha zako mbili za ndege nimezipata, pamoja na swali lako kama yule aliyefifia ni jike, na kabla ya habari nyingine nikuondolee shaka: hao ni ndege wa aina moja, shomoro koo-jeupe wa Kanada na kaskazini-mashariki mwa Marekani. Tazama koo, wote wawili wana baka jeupe chini ya mdomo, na doa la manjano mbele ya jicho. Wanachopishana ni kichwa. Mmoja ana milia myeupe iliyokolea katikati ya myeusi. Mwenzake milia yake ni ya kahawia hafifu, na kifuani ana michirizi zaidi.

Huyo aliyefifia ndiye uliyemwita jike. Tumezoea dume apambwe na jike awe wa kawaida, lakini hawa hawafuati mtindo huo. Kuna madume ya milia myeupe na madume ya kahawia, na majike vivyo hivyo. Makinda hutatiza, maana nao hufifia, na wakati wa baridi hata wakubwa hukaribiana rangi. Kwa hiyo amini zaidi picha za msimu wa kuzaliana.

Chanzo kiko kwenye kromosomu ya pili (kromosomu ni nyuzi ndani ya seli zinazobeba jeni, yaani maelekezo ya urithi). Ndege wa milia myeupe ana nakala moja ambayo kipande chake kikubwa, chenye jeni zaidi ya 1,000, kimepinduka. Wa kahawia hana. Tena kipande hicho hakigusi manyoya peke yake: weupe huimba zaidi na ni wagomvi, na madume yao hupenda kuzurura kwa majike ya wenzao, ilhali madume ya kahawia hujishughulisha na kulisha makinda. (Mimi niko upande wa kahawia, unanijua.)

Sasa sikia hili: karibu kila jozi ni mweupe na wa kahawia. Wa rangi moja kuoana ni nadra mno. Elaina Tuttle, mwanabiolojia wa Marekani aliyefariki mwaka 2016, aliwafuatilia kwa zaidi ya miaka 20, na watu wakaanza kumzungumzia ndege huyu kana kwamba ana jinsia nne: dume na jike, kila mmoja kwa rangi mbili.

Basi hao wawili wako huenda ni mume na mke. Ukiwaona tena, angalia nani anaimba. Kiota chao huwa chini, majanini, kwa hiyo tumia lenzi ndefu na usiwasogelee.

Wako,
Rehema