Asaini apewe pesa, au aombe kusikilizwa?

Hujambo shangazi?

Mimi na mume wangu ni Wakenya, tunaishi Texas. Yeye ni mwanajeshi wa Marekani, dereva wa malori, na mwaka huu anatimiza miaka 8 ya utumishi. Aliumia mgongo kazini. Tangu hapo maumivu yanashuka hadi mguu wa kulia, halafu mguu unakufa ganzi. Soksi namvalisha mimi, buti namfunga mimi.

Alipoonekana hatapona kiasi cha kurudi kazini, alipelekwa MEB, bodi ya madaktari inayotazama kama mwanajeshi bado anatimiza viwango vya afya. Kutoka hapo faili huenda PEB, ambayo ndiyo huamua abaki au atoke. Nao VA, idara ya maveterani, humpima na kutoa asilimia ya ulemavu kwa kila ugonjwa. Haya nimeyajua kwa kusoma mwenyewe usiku watoto wakishalala. Afisa aliyekabidhiwa faili letu, ambaye kazi yake hasa ni kumwelekeza askari hatua kwa hatua, jibu lake kwenye simu ni moja: subirini barua.

Basi barua imekuja. Hafai tena jeshini kwa sababu ya mgongo peke yake, asilimia 20. Mguu, ambao VA imeupa asilimia 10, eti haumzuii kufanya kazi. Kamanda aliyetakiwa kueleza kazi zilizomshinda ni mgeni pale, hamjui vizuri, akaandika mgongo tu. Shangazi, dereva wa lori asiyeisikia breki chini ya mguu wake ataendesha nini?

Akiwa chini ya asilimia 30 anaondoka na malipo ya mkupuo: mshahara wa msingi wa miezi 2 kwa kila mwaka wa utumishi, kwake miezi 16. Akifika 30 anastaafu kwa sababu za kiafya, anapata pensheni, na sisi tunabaki na TRICARE, bima ya jeshi. Mtoto wetu wa pili ana pumu, kwa hivyo bima hiyo naiwaza sana. Na hesabu zao si za kujumlisha tu. Unachukua 20, kisha asilimia 10 ya zile 80 zilizobaki, yaani 8. Inakuwa 28, nayo huandikwa 30. Mguu ungehesabiwa, tungekuwa tumefika! Isitoshe, fidia ya kila mwezi ya mgongo VA huizuia mpaka ule mkupuo ufidiwe, isipokuwa jeraha liwe la vitani. Lake si la vitani. Hilo pia hakuna aliyetuambia.

Ana siku 10 za kujibu, akubali au aombe kusikilizwa rasmi mbele ya bodi. Yeye anataka kusaini. Amechoka, na anasema wakili wa bure wa jeshi ni mtu wa jeshi, atamteteaje? Mimi nimesoma kwamba mawakili hao wamewekwa kumtetea askari, na kwamba yapo mashirika ya maveterani yanayosaidia bila malipo. Nikimwambia, ananijibu mwanamume haendi kulia mbele ya bodi. Hata siku ya vipimo alimeza dawa ya maumivu asubuhi, akainama kadiri alivyoagizwa, daktari akapima pembe akaandika. Asilimia ya mgongo hutegemea sana pembe hiyo. Kwamba siku mbaya hatoki kitandani, hakusema.

Kuna na la nyumbani. Kaka yake kule Eldoret amesikia habari za mkupuo (nani alimwambia, sijui) na ameshatutumia picha za ploti. Anapiga simu alfajiri kabla hatujaamka.

Naomba ushauri wako, na wa msomaji yeyote aliyepitia haya. Nimwambieje amwone wakili kabla siku hazijaisha, bila kumfanya ajione hawezi kujisemea? Je, nikiandika mimi kama mkewe ninayoyaona nyumbani, barua yangu itapokelewa kwenye faili? Na kuna aliyewahi kuomba kusikilizwa akaishia kupunguziwa hata zile 20?

Mke wa askari,
Texas