Eksirei ilisema mifupa mizima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu magoti ya mabinti wetu wa netiboli. Nafundisha Jiografia katika shule ya kata hapa Morogoro, na huu ni mwaka wa kumi na moja nasimamia timu ya wasichana.

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya, binti mmoja wa timu yangu anayecheza C, nafasi ya katikati, aliruka kudaka pasi akatua kwa mguu mmoja. Anayeijua netiboli anajua kwamba ukishadaka huruhusiwi kukimbia na mpira. Raba ikaganda kwenye saruji, mwili ukaendelea kwenda, goti likaingia ndani. Nilikuwa pembeni ya mstari, nikasikia mlio kama wa kuni kavu inayovunjwa. Kabla ya magharibi goti lilikuwa limevimba hata ile pia, kifupa cha mbele ya goti, haionekani.

Hospitalini alipigwa eksirei. Tukaambiwa mifupa mizima, ameteguka, apumzike. Bibi yake akamchua kwa mafuta ya nazi na maji ya moto, asubuhi na jioni, wiki tatu. Uvimbe ukaisha, akawa anatembea vizuri, na Julai mimi mwenyewe nikamrudisha uwanjani. Hapo ndipo panaponiuma. Aliniambia mara mbili, "Madam, nikigeuka goti linaachia." Nikamwambia afunge bandeji.

Oktoba alichuchumaa darasani kuokota chaki, akashindwa kunyoosha mguu. Goti lilikwama likiwa limekunjwa.

Ndugu walichangishana, akaenda Dar es Salaam kupigwa MRI, picha inayoonyesha hata kano na magegedu. Daktari bingwa alituonyesha. Kano ya mbele iliyo ndani ya goti, ile inayouzuia mfupa wa ugoko usichomoke kwenda mbele, ilikatika tangu siku ile ya kwanza. Kila goti lilipoachia, mifupa ilikuwa inasaga meniskasi, yale magegedu mawili yenye umbo la mwezi mwandamo yanayopokea uzito kati ya paja na ugoko. Moja lilichanika, kipande kikajikunja katikati ya kiungo. Ukingo wa nje wa meniskasi una damu, ukishonwa unaweza kuunga. Sehemu ya ndani haina, hiyo waliikata na kuitoa. Gegedu laini linalofunika ncha ya mfupa wa paja nalo lilikuwa limeshaanza kukwaruzika, na hilo halioti tena likawa kama lilivyokuwa. Ana miaka 17.

Mhariri, eksirei haionyeshi kano wala meniskasi. Lakini kabla hata ya kuangalia picha za MRI, daktari yule alimlaza, akalikunja goti kidogo, akauvuta ugoko mbele kwa mikono yake. Mguu usioumia ulikaza. Mguu ulioumia ulivutika kama droo ya meza. Haikuchukua dakika moja, na hakutumia mashine yoyote. Kama ni siku za mwanzo na goti limejaa, mgonjwa arudishwe baada ya wiki mbili hivi apimwe tena. Sisi hakuna aliyetuambia turudi.

Kwa hiyo walimu wenzangu, mkisikia mlio, na goti likavimba ndani ya saa chache, jueni huenda damu imevujia ndani ya kiungo. Msikande. Wekeni barafu, mfungeni, na asiguse mpira mpaka mtu anayejua magoti amshike. Wanafunzi wangu wa kiume wote wanajua Rodri wa Manchester City alikatika kano hiyo Septemba 2024 na hakuonekana uwanjani hadi Mei 2025, tena akiwa amezungukwa na madaktari. Binti yangu nilimpa wiki chache.

Ninachoomba kwa maofisa michezo wa wilaya ni kidogo: kabla ya mashindano ya mwaka huu watuletee mtaalamu wa fiziotherapia kwa saa mbili tu, atufundishe kuwafundisha mabinti kutua huku magoti yamekunjwa, na atuonyeshe goti la kumkataza mtoto asirudi uwanjani.

Alipasuliwa mwishoni mwa Novemba. Sasa yuko kidato cha nne. Jioni anakuja uwanjani na sweta lake, anakaa kwenye benchi na daftari langu, anaandika magoli ya wenzake. Imebaki miezi mitatu daktari amkague tena.

Mwalimu wa netiboli,
Morogoro