Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi kuhusu ile taa ya kona

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama sivyo, basi pole na kazi. Jina la halmashauri yako nimeliacha makusudi, sitaki ionekane namwandama mtu. Isitoshe, mitaa kama wetu hapa Dar es Salaam ni mingi, na msomaji wa mtaa mwingine anaweza kuapa kwamba naandika habari za kwao. Wewe ukifika aya ya tatu utajijua.

Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko barazani, na kazi kubwa naifanya baada ya magharibi, maana mchana chini ya bati hakukaliki. Mji wetu unaujua mwenyewe. Jua likishazama, kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro kutegemea mwezi, ndipo mtaa unapoamka. Meza za samaki zinatoka, mihogo inaingia kwenye mafuta, muuza supu ya pweza anafika na sufuria lake na kundi la wanaume wanaojifanya wamepita tu. Wazee wanatandaza drafti. Watoto wanatumwa dukani na wanachelewa kurudi kwa sababu wanazozijua wenyewe. Sebule ya watu wa uswahilini iko nje, Mheshimiwa, na inafunguliwa usiku.

Sasa miezi michache iliyopita tukaletewa taa. Nguzo moja ndefu pale kona, fundi umeme wa mtaani aliikadiria mita 12, na kule juu vichwa vitatu vya taa nyeupe inayopiga buluu. Usiku wa kwanza tulishangilia. Watoto walicheza mpaka saa nne na hakuna mzazi aliyeita. Wiki ya pili tukaanza kuhama.

Wa kwanza kuhama alikuwa mama wa samaki. Mvua zilipoanza, kumbikumbi walijaa kwenye ile taa kama moshi, na mabawa yakawa yanadondokea kwenye karai. Akasogeza meza hatua ishirini, akaingia kwenye kivuli cha mkungu, akawasha kitaa chake cha betri. Wateja wakamfuata huko. Wazee wa drafti nao wakachoka kukunja macho, maana ukiinua kichwa kumtazama mwenzako taa inakutia kiwi. Leo ukija saa mbili usiku utakuta kitu cha ajabu: pale panapowaka kama uwanja wa mpira hapana mtu, na watu wote wamejibanza gizani pembeni, kila mmoja na kitochi chake.

Mimi sikuweza kuhamisha cherehani, kwa hiyo nimeisoma ile taa kuliko yeyote. Mteja aliniletea kitambaa cha damu ya mzee nimshonee sare ya harusi. Nilitafuta uzi wa kufanana nacho chini ya mwanga wenu, nikashona, asubuhi nikakuta nimetumia uzi wa kahawia. Nimefumua gauni zima. Taa ya bei rahisi haina wekundu wa kutosha ndani ya mwanga wake, kwa hiyo rangi nyekundu inakufa, na nyuso za watu zinakuwa za kijivu kama za wagonjwa. Mtu wa kawaida haujui ufundi huo, anachojua ni kwamba pale hapakaliki.

Hayo ya uzi ni yangu, yasikukoseshe usingizi. Linalonikosesha mimi usingizi ni kichochoro. Ukitoka kwenye mwanga ule ukaingia kichochoroni kwetu, kwa dakika kadhaa huoni hata mkono wako. Jicho hujifunga mara moja likikutana na mwanga mkali, lakini kulizoea giza sawasawa huchukua dakika ishirini hadi thelathini. Kichochoro chenyewe unakimaliza kwa dakika mbili. Kabla ya taa, binti yangu alikuwa akikipita kwa mazoea, anaona vivuli, anajua nani amekaa wapi. Sasa anaingia kipofu, na aliyekaa ndani anamwona vizuri sana, amemulikwa kwa nyuma kama yuko jukwaani.

Kisha bomba. Maji kwetu yanatoka usiku wa manane, saa nane, saa tisa, na wanaoyafuata ni wanawake na watoto wa kike. Bomba liko nyuma ya ghala, na mkabala na ghala ndipo ilipo nguzo yenu. Ukuta wa ghala unang'aa wote, unaweza kusoma gazeti. Kule nyuma tunapopanga ndoo, kivuli cha ukuta huohuo kimekuwa kizito kuliko giza la zamani. Kando yake kuna mtaro.

Najua jibu la ofisi: usalama. Sibishani nalo. Mwaka 2016 jiji la New York liliweka minara ya taa kwenye baadhi ya makazi ya nyumba za umma, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, wakayalinganisha na yale ambayo hayakuwekewa. Watafiti waliona uhalifu mkubwa wa usiku, ule wa nje, ukipungua kwa kama asilimia 36. Hiyo si habari ndogo, na mwizi wa kwetu hana tofauti kubwa na wa kwao. Kwa hiyo asije mtu akasema fundi fulani anataka taa ing'olewe. Nataka mhandisi anapoichora awe ametuweka akilini sisi tunaokaa pale, asimfikirie mwizi peke yake.

Jirani zetu wa Nairobi, milingoti mirefu ya taa iliposimikwa kwenye mitaa ya mabanda, wakaibatiza Mulika Mwizi. Jina tamu, lina utani wa Kiswahili ndani yake. Lakini lifikirie kidogo. Ukimulika kumtafuta mwizi, unaweka taa juu sana ili ifike mbali, unaifanya kali, na kila anayepita chini yake anaonekana kama anayetafutwa. Muuza pweza hamuliki mwizi. Kitaa chake kiko usawa wa kiuno, kinamulika ubao, kisu na mikono ya mteja, na sura za watu wawili watatu waliosimama. Hakuna anayemwibia, kwa sababu wote wanaonana.

Kule London kuna wanasosholojia wa London School of Economics, Don Slater na Mona Sloane wakiwa miongoni mwao, waliofanya kazi na wabunifu wa taa kwenye makazi ya Whitecross, nyumba za watu wa kipato cha chini zilizo jirani kabisa na mtaa wa mabenki. Walikaa na wakazi, wakatembea nao usiku, wakauliza nani anapita wapi na kwa nini, na wabunifu wakajaribu taa za muda palepale. Walichokieleza kimenikaa kichwani: maskini humulikwa kwa mwanga mkali wa ulinzi, kana kwamba yeye ndiye tatizo, na mwenye nacho hupewa mwanga laini wa kupendezesha. Sina haja ya kwenda London kulithibitisha hilo. Chungulia bustani ya hoteli yoyote ya ufukweni hapa mjini: taa fupi, za njano, zimefichwa kwenye maua, na mgeni anakula bila kukunja uso. Mbona kule hawakuweka nguzo ya mita 12?

Na tena wenzetu hao wa London mwezi wa sita jua lao linazama baada ya saa tatu usiku. Sisi tuko karibu na Ikweta, giza letu hudumu karibu saa kumi na mbili kila usiku, Januari mpaka Desemba. Kama kuna watu duniani wanaopaswa kuwa mabingwa wa taa za nje, ni sisi.

Ninachoomba hakihitaji mabilioni. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini, na namba yake imeandikwa kwenye boksi hata la balbu ya dukani kwa Mangi. Kibatari kiko chini ya 2000, balbu ya zamani ya waya kama 2700, na hizi zinazopiga buluu hupanda mpaka 6000 na zaidi. Mwaka huohuo wa 2016, chama cha madaktari wa Marekani kilishauri taa za barabarani zisizidi 3000, kwa ajili ya usingizi wa watu na kuwapunguzia madereva kiwi. Mwanga wa njano huvutia wadudu wachache pia, na mama wa samaki atakushukuru. Halafu kofia: taa ifunikwe juu na pembeni, mwanga uanguke chini tunakokanyaga badala ya kuingia dirishani kwa mzee wa nyumba ya pili, ambaye sasa analala ameziba kioo kwa kanga ya marehemu mkewe. Na urefu. Mita 12 ni za barabara ya malori. Nguzo nne za mita nne au tano, moja mdomoni mwa kichochoro, nyingine katikati yake, ya tatu bombani, ya nne pale mkunguni walipokimbilia watu, zingefanya kazi ambayo lile jitu limeshindwa. Kwa kipimo cha nuru nguzo zenu zinaweza kupita mtihani wote kwenye karatasi, lakini karatasi haichoti maji.

Ila hata hizo nne usizichore ofisini. Naweza kuwa nimekosea mahali pa kuziweka, mimi naona kutoka barazani kwangu tu. Dereva wa bodaboda anaona mengine, mwanafunzi anayerudi masomo ya jioni anaona mengine, na mlevi, tuseme ukweli, ndiye anayeijua mitaro yote.

Kwa hiyo njoo. Chagua tarehe 28 au 29 ya mwezi wa Kiislamu, mbalamwezi isije ikawafichia makosa. Fika saa mbili, ukae mpaka meza zifungwe, kisha kama una moyo urudi saa nane uwaone wenye ndoo. Tuletee taa mbili tatu za kufunga na kufungua, tuzijaribu hapahapa kwa kamba na ngazi. Gari liache barabara kubwa. Supu ya pweza nitalipia mimi. Mhandisi wako umwambie avae viatu vya kufunika, maana ule mtaro hauna mfuniko na taa haiufikii.

Ni mimi,
Fundi cherehani, baraza la tatu kutoka kona