Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Bajeti ya Jiji, Ada za Gofu na Uwanja wa Lions

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama chetu cha gofu mtasomewa na mweka hazina, na habari za mashindano yetu ya ndani katibu ameshaziandika. Mimi nitabaki kwenye jambo lililotushughulisha mwaka huu kuliko gofu yenyewe: bajeti ya Jiji la Austin.

Tuanze na pengo la bajeti hiyo lilikotoka, maana nimesikia maelezo ya kila aina. Tangu 2019, sheria ya jimbo la Texas inalizuia jiji kuongeza mapato ya kodi ya majengo kwa zaidi ya 3.5% kwa mwaka bila kuwauliza wapiga kura. Gharama zimepanda kupita hapo. Fedha za serikali kuu za wakati wa korona zimekwisha, na 2024 Baraza la Jiji lilipitisha mkataba wa polisi wa miaka mitano wenye thamani ya takriban dola milioni 218. Agosti 2025 madiwani wakapitisha bajeti iliyotegemea nyongeza ya kodi ya senti 5 kwa kila dola 100 za thamani ya nyumba. Hilo ndilo Pendekezo Q. Tarehe 4 Novemba wapiga kura wakalikataa, takriban 63% wakisema hapana, na Baraza likarudi mezani kukata matumizi.

Hapo simu zikaanza. Wanachama waliniuliza kama ada zetu zitapandishwa ili kuziba pengo hilo. Majirani wasiocheza wao walikuwa na swali la upande wa pili: kwa nini jiji linamwagilia nyasi za gofu wakati huduma za watu wasio na makazi zinapunguzwa? Jibu la maswali yote mawili ni moja. Gofu ya jiji ina mfuko wake unaojitegemea. Tunacholipa mlangoni ndicho kinachonunua mbegu, maji na mashine za kukatia nyasi, na ndicho kinachotoa mishahara ya wafanyakazi wa viwanjani. Mfuko mkuu, ule unaolipa polisi, maktaba na mabwawa ya kuogelea, ni mwingine. Kufunga uwanja mmoja wa gofu hakungeokoa bwawa hata moja, na kupandisha ada zetu hakungeajiri zimamoto.

Kwa sababu hiyo kamati ilikataa ombi la baadhi yenu kwamba chama kitoe tamko la kupinga Pendekezo Q. Najua waliokasirika. Kila mmoja wetu alikuwa na kura yake kama mkazi na mlipa kodi, na hakuhitaji kuongozwa na chama cha gofu.

Sikubaliani pia na wanaotaka tudai ada zisipande kabisa. Mfuko unaojitegemea ukinyimwa ada, ama nyasi zinakufa, ama unakwenda kuomba mfuko mkuu. Siku utakapoomba, tutapangwa foleni moja na wagonjwa na wasio na makazi, na hatutastahili kushinda. Bora tulipe. La kupigania ni nani alipe kiasi gani. Ada nafuu za watoto na wazee zisiguswe, na uwanja wa Hancock ubaki wa bei ya chini. Una mashimo 9 tu, ulianza 1899, na wengi wetu ndipo tulipojifunza kushika fimbo. Viwanja vikianza kupimwa kimoja kimoja kwa faida, nahofia huo ndio utakaoangaliwa kwanza. Wengi wetu tulikotoka, gofu ilikuwa ya klabu za wanachama, na sisi tuliiona kupitia uzio. Uwanja wa umma ndio uliotuingiza.

Linaloninyima usingizi zaidi ni uwanja wa gofu wa Lions. Ardhi ile, takriban ekari 141, si ya jiji. Ni sehemu ya ardhi ambayo George Brackenridge alikipa Chuo Kikuu cha Texas mwaka 1910, na jiji ni mpangaji tu. Mkataba wa awali uliisha 2019, na tangu hapo tunaishi kwa kuongezewa muda. Meya wetu wa sasa, Kirk Watson, alipokuwa seneta wa jimbo alijaribu 2017 kuuhamishia uwanja huo kwenye idara ya bustani na wanyamapori ya Texas. Seneti ilikubali, lakini Baraza la Wawakilishi la jimbo halikuupitisha mswada huo. Kwa bajeti ya sasa, sioni jiji likipata fedha za kuinunua ardhi ya katikati ya mji kwa bei ya soko.

Kwa wanachama wapya: mwishoni mwa 1950 vijana wawili weusi waliingia kucheza pale, wakati ubaguzi ulikuwa kanuni. Wasimamizi wakapiga simu ofisi za jiji. Meya Taylor Glass akaamua waachwe wacheze, na uwanja ukawa wazi kwa wote kabla ya hukumu ya 1954 ya Mahakama Kuu ya Marekani iliyopinga ubaguzi shuleni. Ndiyo maana tangu 2016 Lions imo katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Heshima hiyo, hata hivyo, haimzuii mwenye ardhi kujenga.

Mwaka wa fedha wa jiji huanza 1 Oktoba. Rasimu ya bajeti hutoka Julai, pamoja na jedwali la ada, na madiwani hupiga kura Agosti. Ada zinaamuliwa hapo, si kwenye kaunta ya uwanja, kwa hiyo tusiwagombeze vijana wa mapokezi. Naomba watu wawili wenye subira ya kusoma majedwali wajitolee leo. Wengine, kila mtu amjue diwani wa wilaya yake kati ya zile 10, na wanaotaka kuzungumza mbele ya Baraza wajiandikishe mapema, wajipange kusema jambo moja tu, kwani dakika zinazotolewa ni chache.

Muda wangu wa uongozi umefika mwisho na sigombei tena. Fomu za wagombea ziko kwa katibu, na tutapiga kura baada ya chai.