Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka shamba Pangani

Mpwa wangu,

Assalaam alaykum. Nimepata khabari kwamba umeazimia kuvuka kwenda Pangani kutafuta shamba la minazi na mpunga kandoni mwa mto. Sikuzuii, ardhi ya huko ni njema. Nakuandikia hadharani kwa sababu vijana wengi wa Pemba wana nia kama yako, na huvuka na mazoea ya shehia, yaani eneo dogo la utawala la kwetu chini ya sheha. Mazoea hayo ndiyo yanayowapotezea pesa.

Pangani iko ng'ambo ya mkondo, karibu sawasawa na Mkoani, bandari yetu ya Pemba, kiasi cha kilomita 75 upande wa magharibi. Ukiteremka Tanga unashuka kusini kwa gari kama kilomita 50. Mji uko ukingo wa kaskazini wa mto. Ukivuka ni Bweni, kisha mwambao unaendelea Ushongo, Kipumbwi na Mkwaja hadi Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Lugha ni yetu, minazi ni ile ile, misikiti na ngalawa utazikuta. Ugeni utauona ofisini.

Kwetu sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na takriban kila jambo la mtu huanzia kwake. Huko hakuna sheha. Ardhi si jambo la Muungano, wala serikali za mitaa si jambo la Muungano, kwa hiyo sheria ni nyengine kabisa. Wilaya ya Pangani iko Mkoa wa Tanga. Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais. Kisha ipo Halmashauri ya Wilaya, yenye madiwani waliochaguliwa na Mkurugenzi anayeendesha kazi. Chini yake kuna kata, vijiji na vitongoji. Mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa na wanakijiji, mtendaji huajiriwa. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na juu yao upo mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkaazi aliyetimiza miaka 18.

Hapa shika vizuri. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu haujakubali. Mwenyekiti peke yake hana ardhi ya kukupa. Mtendaji pia hana, hata akikupigia muhuri mara tatu. Watu wanaoumia ni wale walioandikiana karatasi na mwenyekiti chini ya mwembe, wakalipa, wakapanda, kisha uongozi ukabadilika na wapya wakasema hawaijui biashara hiyo. Kwa hiyo omba kwa maandishi, subiri mkutano mkuu ukae, hudhuria mwenyewe, na uondoke na nakala ya muhtasari inayotaja jina lako, ukubwa wa eneo na majirani wa pande zote nne. Baada ya hapo ndipo uombe hati ya hakimiliki ya kimila. Beba kitambulisho cha Taifa. Cha Mzanzibari Mkaazi ni cha mambo ya kwetu.

Kabla ya yote uliza: shamba hili ni la kijiji kweli? Suala hili lina historia ndefu. Pangani ilikuwa chini ya liwali, yaani mtawala aliyewekwa na Sultani wa Unguja, mwisho wa njia ya misafara ya pembe na watumwa, na mashamba ya miwa yalilimwa kwa jasho la watumwa hao. Mwezi wa Aprili 1888 Sultani Khalifa aliikodisha pwani kwa kampuni ya Kijerumani. Mwezi wa Agosti mtu wa kampuni, Emil von Zelewski, alipandisha bendera yake Pangani kwa kiburi, na watu wakaasi wakiongozwa na Abushiri bin Salim. Walipigana zaidi ya mwaka. Abushiri alinyongwa hapo hapo Pangani tarehe 15 Disemba 1889. Baadaye ukaja mkonge. Miche ya mwanzo iliyoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, 62 tu iliyosalimika safarini, ilipandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto. Mashamba ya mkonge yalipimwa na kupewa hati, mengi yakataifishwa 1967, na katika miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijijini wakaacha minazi yao mbali. Ndiyo maana pori unaloliona tupu linaweza kuwa na hati ya shamba la mkonge, au minazi mitatu mizee ambayo wenyewe wanaijua kwa jina la babu yao. Zunguka mipaka pamoja na wazee wa kitongoji, kisha ukaulize ofisi ya ardhi ya wilaya.

Sasa mto. Unatoka Kilimanjaro na Meru, unakwenda kiasi cha kilomita 500, na njiani kuna bwawa la Nyumba ya Mungu, mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, na mashamba mengi ya umwagiliaji. Yanayofika baharini ni mabaki. Maji ya mto yakipungua, bahari hupanda juu, na mpunga hauvumilii chumvi. Usipime chumvi wakati wa masika, kila kitu kitaonekana kitamu. Pima Januari au Februari, siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, maji yakiwa yamejaa. Wala usionje ya juu. Maji ya chumvi ni mazito, hukaa chini. Funga jiwe kwenye chupa, kizibo ukitie kamba ya pili, ishushe mpaka igote, kisha vuta kizibo. Utakachoonja hapo ndicho kinachoweza kufika kwenye mizizi. Ukiona mikoko ukingoni, chumvi inafika. Na mikoko hiyo usiikate, ni msitu wa serikali. Minazi yenye mizizi nje inakwambia kuwa ukingo unaliwa.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bahari, basi usikubali kuuziwa ukanda huo. Ukitaka kutia pampu mtoni, kibali hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, si kijiji.

Na mazao utakapoyatoa kwa chombo, ujue mdomo wa mto. Maji yakiwa yanatoka kwa nguvu siku za bamvua, na upepo wa kusi unavuma, maji na upepo hupambana pale pale na mawimbi husimama wima. Chombo kilichojaa nazi hakina nafasi ya kuyumba. Ngoja maji yasimame, toka asubuhi kabla upepo haujapanda.

Kabla hujakata tiketi, mpigie mtendaji wa kijiji unachokikusudia umuulize mkutano mkuu unakaa lini. Kwa kawaida ni kila baada ya miezi mitatu. Ukiukosa, utakaa Pangani unakula akiba yako.

Mjomba wako